Katambuga Kabla Gari Halijaondoka

Kisu kikavu hakikati mpira. Huingia kidogo, kisha mpira hukibana pande zote mbili, na mkono usiojua huongeza nguvu mpaka kisu kichomoke ghafla na kwenda kusikotakiwa. Ndiyo maana fundi wa katambuga, yaani viatu vya tairi, huanza na kopo la maji. Anachovya kisu, anakata kiasi cha upana wa kiganja, anachovya tena. Maji yanatangulia makali, mpira unafunguka bila kelele, na nyuma ya kisu unabaki mstari mweusi unaong'aa. Fundi hana papara hata kidogo. Anayemtazama kwa mara ya kwanza atashangaa, kwa sababu mteja amesimama pembeni yake peku, akitarajia kuondoka na viatu vipya muda si mrefu. Na ataondoka navyo.

Ngaramtoni iko kilomita chache kutoka katikati ya Jiji la Arusha, kando ya barabara ya Namanga, kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru. Soko lake kubwa ni Alhamisi na Jumapili. Upande wa pili wa jiji, barabara ya Moshi, Tengeru hufanya lake Jumatano na Jumamosi. Siku ya soko vifodi na Noah hushusha watu tangu asubuhi: akina mama wa Kiarusha na ndoo za maziwa na magunia ya maharage, wazee wenye mashuka na fimbo kutoka Oldonyo Sambu na kule mbele Longido, vijana wa mjini wanaofuata viazi na vitunguu kwa bei ya jumla. Mafundi wa katambuga hukaa pamoja pembezoni. Kila mmoja ana kigogo chake, kipande cha turubai, kopo la maji, kiroba kimoja au viwili, na matairi ya pikipiki yaliyopangwa nyuma yake.

Katika biashara hii siku ya soko ndiyo saa. Mzee aliyeteremka kutoka Longido ameuza mbuzi wake, amenunua sukari, majani ya chai na dawa ya kuogeshea mifugo, na jioni gari lake linaondoka. Ukimwambia "njoo kesho", kesho hakuna soko, na kesho hiyo ina nauli ya kuja, nauli ya kurudi, na mifugo iliyoachiwa mtoto siku nzima. Kwa hiyo bei ya kiatu, akiipiga kichwani mwake, ni ile anayotajiwa na fundi pamoja na gharama ya kukifuata. Fundi anayekamilisha katambuga wakati mteja amekaa kwenye benchi la mama lishe akinywa chai anaweza kudai kidogo zaidi ya yule anayehitaji siku mbili, na bado akawa rahisi kuliko yeye. Zipo pia kandambili na yeboyebo za plastiki meza ya jirani, ambazo hazisubiriwi hata dakika moja. Lakini hizo zina namba zao zilizokwisha kuamuliwa kiwandani, na mwiba wa mgunga wa nyika za Longido huzipita kutoka chini hadi kwenye nyama. Soli ya tairi huukataa.

Niliitafuta haraka kwenye mikono ya fundi, sikuiona. Anakata taratibu, anagonga msumari mmoja mmoja, katikati ya kazi anasimama kunoa kisu. Haraka yake imekwishafanyika mahali pengine, siku nyingine, kabla mteja hajashuka kwenye gari, na kuielewa inabidi kurudi nyuma mpaka kwenye tairi lenyewe.

Tairi la gari la kisasa halifai. Chini ya meno yake kuna wavu wa nyaya za chuma. Kisu hakipiti, na hata ukipasua kwa msumeno, ncha za nyaya hubaki zikichomoza kusubiri unyayo. Tairi la pikipiki, hasa haya ya kawaida ya bodaboda, limejengwa kwa nyuzi za nailoni zilizolazwa tabaka juu ya tabaka ndani ya mpira. Kisu kikali hupita, na tabaka zenyewe huweza kuchunwa. Fundi hulikagua kama ifuatavyo. Anabonyeza ubavu kwa dole gumba kuona kama jua limeupasua. Analigeuza nje ndani kutafuta mahali nyuzi zilipokatika, maana tairi lililowahi kugonga jiwe kwa nguvu linaweza kuonekana zima kwa nje huku ndani limechanika. Mwisho anapitisha kiganja juu ya meno. Tairi kipara halitaki. Analolipenda ni lile lililoisha katikati na kubakiza meno pembeni, kwa sababu tairi la pikipiki ni la mviringo, na likilika katikati linakuwa bapa zaidi, basi mguu unakaa vizuri.

Matairi si mageni Arusha. Jiji hili lilikuwa na kiwanda chake, General Tyre, kilichoanzishwa kwa ubia wa serikali na kampuni ya Kimarekani, na mtu aliyekulia hapa kabla hakijafungwa mwaka 2009 anajua fahari iliyokuwa nayo bidhaa ile. Katambuga za zamani zilikatwa kwenye matairi ya magari ya nyakati hizo, mazito na mapana, na wazee wengine bado wanaziulizia. Kilichobadilisha malighafi ni bodaboda. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoitambua pikipiki kuwa chombo cha kubeba abiria kwa leseni, kila kona ya Arusha imekuwa na kijiwe chake, na kila kijiwe kina matairi yanayokwisha. Fundi hana haja ya kuagiza chochote mbali. Mafundi pikipiki wa mitaa ya Sakina na Mianzini humwekea matairi yaliyotolewa, naye hupita kuyabeba mawili matatu kwa wakati. Hilo peke yake ni nusu ya siri ya mtu asiyemsubirisha mteja: yeye mwenyewe hasubirishwi na mtu.

Kazi ya nyumbani hufanyika siku ambazo soko limelala. Kwanza anaondoa ukingo, ile sehemu ya ndani inayokaa kwenye rimu, yenye waya mnene. Kisu kinapita pembeni tu ya waya kuzunguka tairi lote, upande huu na upande ule, kwa maji na kwa subira, na mwisho pete mbili nyembamba zinaanguka chini. Kilichobaki hakina chuma tena. Anakikata mara moja kwa upana, anakifungua, na pete inakuwa ukanda mrefu. Tairi la pikipiki la kawaida lina mzunguko wa karibu mita 2, kwa hiyo ukanda mmoja unatoa soli sita za mtu mzima, yaani pea tatu. Vipande vinavyokaribiana ndivyo vinavyofanywa pea moja, kwa sababu tairi haliliki sawa pande zote, na mtu hatakiwi kuvaa mguu wa kulia uliochakaa zaidi ya wa kushoto tangu siku ya kwanza.

Kisha anatenganisha mbavu na sehemu ya meno. Mbavu ndizo zitakazotoa mikanda. Hapa ndipo palipo na kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo isiyoonwa na mteja kamwe. Ubavu wa tairi ni mnene mno kwa mkanda. Ukiutumia ulivyo utamchubua mtu. Lazima uchunwe. Fundi anaanzisha mpasuko kwenye ncha, kati ya tabaka na tabaka, anashika mdomo wa juu kwa plaizi, anakanyaga mdomo wa chini kwa kisigino, halafu anavuta. Kisu hakikati, kinagusa tu pale tabaka zinapoachana, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayemenya muwa mrefu asiotaka kuuvunja. Akivuta kwa nguvu kuliko kisu kinavyogusa, tabaka inachanika kombo na ukanda mzima unakuwa wa kutupwa. Kisu kikitangulia, kinatoboa. Mikono miwili na mguu mmoja vinafanya kazi tatu tofauti kwa mwendo mmoja. Kinachotoka ni utepe laini upande wa mpira na wenye alama za nyuzi upande wa pili, mwembamba kiasi cha kukunjika, imara kiasi kwamba huwezi kuukata kwa mikono.

Tepe hizo anazichana kuwa mikanda kwa makadirio ya jicho: mipana ya kupita juu ya vidole, ya wastani ya kuvuka katikati ya mguu, myembamba ya kuzunguka nyuma ya kisigino. Anaifunga mafungu kwa upana. Anachuna pia vipande vyembamba vya kulaza juu ya soli, ambavyo unyayo utavikanyaga. Mwisho wa siku kiroba kina mikanda iliyofungwa, vipande vya chini vyenye meno, vipande vya juu laini, na mfuko wa misumari midogo.

Kila kitu kimo humo isipokuwa kiatu. Fundi hakuchora hata unyayo mmoja. Angeweza kukata soli za namba zote nyumbani, akazipanga, akaja nazo zikiwa tayari. Wapo wanaofanya hivyo, hasa wanaowauzia watalii pale mjini. Lakini atakayekata namba 42 nyingi Jumamosi huenda Jumapili akaletewa miguu ya 39 mfululizo, na soli iliyokwisha kukatwa hairudi kuwa tairi. Kipande ambacho hakijachorwa ni cha mtu yeyote. Kwa hiyo fundi anasogeza kazi mbele mpaka mahali ambapo hatua inayofuata inahitaji mguu wa mteja, na hapo anaiacha. Nadhani akili yote ya biashara hii iko kwenye kujua mahali pale ni wapi. Ukisimama mapema, mteja atakungoja. Ukipita, utakuwa umemtengenezea mtu asiyekuwepo.

Sasa mteja amefika. "Kanyaga, baba. Simama, usikae." Mguu wa mtu aliyekaa ni mwembamba, akisimama, uzito unaushusha na kuutandaza, na tofauti hiyo inatosha kufanya kiatu kibane jioni. Fundi anaweka kipande cha meno chini, mzee anakanyaga, na chaki inazunguka unyayo ikiwa imesimama wima. Ikilala kuelekea ndani, soli itakuwa ndogo. Miguu yote miwili inapimwa, kila mmoja kwenye kipande chake. Mzee niliyemwona ana kidole gumba cha kulia kilichopinda nje, cha zamani, na mstari wa chaki ukakifuata kilivyo bila fundi kusema neno. Hakuna kiwanda kinachokata namba ya mguu ule.

Kabla mguu haujaondoka, fundi anaweka nukta. Mbili mbele, kila upande wa kiungo cha vidole, pale mguu unapokunjika mtu akitembea. Mbili katikati. Mbili nyuma, chini kidogo ya kifundo cha mguu. Anazitafuta kwa kidole kwanza, anagusa mfupa, kisha ndiyo chaki. Mkanda ukikaa mbele ya kiungo utakata vidole. Ukikaa nyuma yake kiatu kitapiga kofi kila hatua.

Anakata. Kisu kinaingia kwa mlalo kidogo, ili upande wa chini wa soli uwe mpana kuliko wa juu, na mtu akikanyaga jiwe asipinduke. Kwenye mzunguko wa kisigino anazungusha soli, kisu kinabaki palepale. Mabaki yanaanguka kwenye turubai kwa vipande virefu vya kujikunja, naye anavisogeza kwa mguu upande mmoja; vitatumika. Soli mbili zikishakatwa anaziweka uso kwa uso na kuzitazama kwenye mwanga. Anapunguza upande mmoja kiasi ambacho mimi sikukiona kikihitajika mpaka kilipoondoka.

Matundu ya mikanda yanatobolewa kwa patasi nyembamba, pigo moja la nyundo kwa kila tundu, kipande cha juu kikiwa kimelazwa juu ya kigogo. Tundu ni fupi kuliko upana wa mkanda. Mpira una tabia ya kujifunga baada ya kupasuliwa, na fundi anaitumia: mkanda unachongwa ncha, unapitishwa, unashikwa na plaizi upande wa pili, unavutwa, na mpira unaubana pande zote. Hata bila msumari usingetoka kwa urahisi. Anaifunga mikanda yote bado ikiwa mirefu, mikia ikining'inia chini ya kipande cha juu, halafu anamwita mzee tena.

Hatua hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mzee anaingiza mguu kwenye kiatu ambacho hakijawa kiatu. Fundi amepiga magoti, anavuta mkia mmoja mmoja kutoka chini mpaka mkanda ulale juu ya mguu bila kukaza, anaingiza kidole kidogo kati ya mkanda na ngozi, akiridhika anaweka alama kwa ukucha. Mguu wa kulia mkanda wa mbele ukawa mrefu kuliko wa kushoto, kwa ajili ya kidole kile kilichopinda. "Tembea." Mzee akatembea mpaka kwenye gari la mahindi na kurudi, na fundi hakutazama viatu, alitazama magoti yake. Akalegeza mkanda wa kisigino kidogo.

Halafu mikia inakatwa kwenye alama, inakunjwa kati ya soli ya chini na kipande cha juu, na misumari inaanza. Chini ya soli fundi ameweka kipande cha reli. Msumari unaingia kutoka juu, unapita kipande cha juu, mkia wa mkanda na soli, unakutana na chuma, na ncha yake haina pa kwenda ila kujikunja na kurudi ndani ya mpira. Mapigo ni matatu: la kwanza la kuusimamisha, la pili la kuupeleka, la tatu, zito kidogo, la kuukunja na kuzamisha kichwa mpaka kiwe chini ya uso wa mpira. Sauti ya pigo la tatu ni tofauti, kavu, na fundi anaisikiliza. Isiposikika, anachomoa msumari na kuanza upya, kwa sababu ncha iliyonyooka chini leo itatokea juu baada ya mwezi. Misumari inafuata ukingo wa soli, mmoja baada ya mwingine, na kwenye kila mkanda inakuwa miwili iliyopishana ili isipasue mpira kwa mstari mmoja.

Katikati ya kiatu cha pili akaacha. Wateja wengine walikuwa wamefika, watatu sasa, mmoja wao morani aliyekuwa akigonga fimbo yake chini kuonyesha kwamba ana safari. Fundi akachukua kinoo, akamwagia maji, akanoa kisu. Upande huu, upande ule, akajaribu makali kwenye ukucha, akanoa tena. Mtu wa kupiga hesabu za juu juu angesema amepoteza muda mbele ya foleni. Lakini kisu butu kinaongeza muda kwa kila mkato utakaofuata, na mikato iliyobaki siku ile ilikuwa mingi.

Na kuna jambo alilolikataa ambalo naliona kubwa kuliko ustadi wa kisu. Morani alimwomba ampime mguu tu, amchoree soli, aendelee na mzee, ili naye ajisikie ameanza kuhudumiwa. Fundi akamjibu kwa upole asubiri kidogo. Hagusi kazi ya mteja wa pili kabla wa kwanza hajavaa. Mafundi wake jirani wana desturi hiyo hiyo, na sababu yake mtu yeyote aliyewahi kushonesha nguo mjini Arusha anaijua kwa maumivu. Fundi cherehani anapokea vitenge vya sare ya send-off Jumatatu, vya kipaimara Jumanne, magauni ya harusi Jumatano. Kila kimoja anakikata ili mwenyewe akija akute kimeanza. Mwishoni mwa wiki ana nguo arobaini zilizoanza na sifuri zilizokwisha. Mikono yake haijapumzika, na bado kila mteja anaambiwa njoo kesho. Nguo ambayo ingehitaji saa nne za kushona hukaa wiki tatu dukani, na muda wote huo, ukitoa zile saa nne, ni wa kulala kwenye rundo. Anayeanza moja na kuimaliza hashoni haraka kuliko mwenzake. Nguo yake tu hailali.

Hata kazi kubwa za mji huu zinapimwa hivyo. Gereji za Arusha zinazokata Land Cruiser, kuzirefusha na kuzitilia paa la kuinuka kwa ajili ya safari za mbugani zinajua kwamba msimu mkubwa huanza Juni. Gari linalotoka gereji Agosti limekosa sehemu kubwa ya mwaka wake, hata likiwa zuri namna gani. Gereji iliyokwisha kukunja vyuma vya paa na kushona viti kabla gari halijaletwa inafanya kile kile kinachofanywa na fundi wa Ngaramtoni na kiroba chake cha mikanda.

Wapo hata waliomsubirisha mteja kwa makusudi. Mwaka 1987 huko Japani kampuni ya National Bicycle, iliyouza baiskeli kwa jina la Panasonic, ilianza kutengeneza baiskeli kwa vipimo vya mteja mmoja mmoja. Kiwandani baiskeli ilikamilika kwa saa chache tu, lakini mteja aliambiwa asubiri wiki mbili. Kampuni ilitaka mtu apate msisimko wa kungoja kitu maalumu. Sijui fundi wetu angelichukuliaje wazo hilo, nadhani angecheka. Mteja wa Japani hakuwaona waliomtengenezea. Mzee wa Longido alikanyaga mpira kwa mguu wake, akaona chaki ikizunguka kidole chake kilichopinda, akavuliwa na kuvishwa mara tatu. Hakuna wa kumwambia kwamba viatu hivi si vyake.

Viatu vikaisha. Fundi akapitisha kisu mara ya mwisho kuondoa kingo kali, akavichovya maji kwenye kopo na kuvifuta kwa kitambaa ili vumbi la chaki litoke. Mzee akavaa, akasimama, akakanyaga kwa nguvu mara mbili. Soli ya katambuga haipotezi kabisa mviringo wa tairi, vidole na kisigino huinuka kidogo, na mtu asiyezoea huhisi anasukumwa mbele. Mzee amezizoea tangu utoto. Akalipa pesa yote kwa mkupuo. Hapakuwa na kianzio, wala salio la kufuatiliwa, wala jina la kuandikwa kwenye daftari. Kwa muda mfupi hivyo hapana nafasi ya deni kuzaliwa. Fundi akaitia mfukoni na papo hapo akampa kijana wa pikipiki aliyekuwa ameleta tairi asubuhi sehemu yake.

Morani akapimwa. Yeye alitaka shanga kwenye mikanda, nyeupe na bluu. Fundi akamweleza bila kuzunguka kwamba shanga ni kazi ya akina mama, zitakuwa tayari Alhamisi, na kama ana haraka achukue za wazi leo, siku hiyo aje abadilishiwe, awekewe mikanda ya shanga. Akachukua za wazi. Ahadi ya Alhamisi ilitolewa kwa sababu kuna mtu maalumu wa kuifanya na siku zake zinajulikana. Mafundi wengi hutoa ahadi ili mteja asiende kwa jirani, halafu ndipo wanaanza kutafuta namna.

Ilipofika saa kumi na nusu, Noah za kwenda Longido zikaanza kujaza. Akaja mwingine mbio, mtu mzima, mizigo mkononi, akaketi kwenye kigogo na kuvua viatu kabla hajaulizwa. Fundi akamuuliza gari lake linaondoka saa ngapi. Akatazama foleni: bado mmoja mbele yake. Akakataa kazi. Yule bwana akasema anafanya haraka tu, hata isipokuwa nzuri sana haidhuru. Fundi akasema hapana, hazitaisha, na nusu ya kiatu haivaliwi. Lakini, kwa kuwa kazi yake sasa ilikuwa ya Alhamisi, alichukua vipande viwili vya meno vinavyokaribiana, akamsimamisha, akamchora miguu yote miwili, akaweka nukta zake sita kwa kila mguu, akavitia kwenye kiroba. Alhamisi asubuhi awe wa kwanza, soli zitakuwa zimekatwa na matundu tayari, kilichobaki ni mikanda na misumari. Bwana yule akalalamika, akauliza kama kwa usumbufu huo bei itapunguzwa, akaambiwa ni ileile.